Mkono Uliochomoa Waya

Kwako Yasini, mume wangu uliyenikimbia,

Salamu zangu zipokee, na kama umekonda sitaki kujua. Mimi mzima, magoti ndiyo si yangu tena. Naandikiwa na Mama Zuhura, jirani yetu mshona nguo, maana unajua mimi kalamu naishika kama mwiko. Ananiambia nipunguze ukali. Nimemwambia aandike kama ninavyosema au anirudishie karatasi yangu.

Bahasha hii sikuifunga. Nimesikia kwa watu wa Ilagala kwamba umeonekana gereji moja huko Mpanda, basi nampa dereva wa lori, na atakayetaka kuisoma njiani na aisome. Nilinyamaza mbele ya watu, nitasema mbele ya watu.

Unakumbuka pikapu ya mwanangu Hamisi, baba mdogo wako, ilivyokuwa ikipanda kutoka Katonga na magunia ya dagaa? Inanguruma, inatoa moshi, haiendi. Wewe ukawa unaisikiliza tu kama daktari. Siku moja ukaja nayo uani, ukafungua boneti, ukachomeka waya mmoja chini ya usukani na mwingine kwenye kompyuta yako ile ya mtumba.

Nikakuuliza, "Wewe mwanamume, gari nalo lina masikio unaliongelesha?"

"Lina ubongo, mke wangu," ukanijibu. "Kuna boksi humu linaiambia injini inywe mafuta kiasi gani, na saa ngapi. Kiwandani wamelifundisha adabu ya barabara za kwao. Mimi nalifundisha mlima wetu."

"Kumbe ni kupika."

"Ni kupika, bibi."

"Basi usizidishe moto. Mawese yakiungua hayarudi kuwa mawese."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia hutazidisha, unaongeza kidogo tu, na maneno ya zamani ya boksi umeyatunza pembeni, ikikataa unayarudisha. Mimi sikuelewa hata nusu, ila nilipenda ulivyonieleza. Watu wakiona mzee hakusoma humwambia "hutaelewa" wakaondoka. Wewe ulikuwa unavuta kigoda.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa alasiri. Wingu limejaa upande wa Kongo, ziwa limekuwa jeusi. Kompyuta yako haikuwa na betri, inaishi kwa umeme wa ukutani tu, na wewe umevuta waya kutoka chumbani kwangu mpaka uani, umeiweka barazani. Ukasema, "Bibi, maneno mapya yanaingia kwenye boksi sasa hivi. Usiguse kitu. Naazima turubai kwa jirani nifunike injini, mvua isiingie."

Ukatoka mbio. Ukaniacha na kile kioo kinawaka.

Radi ikapiga, Yasini. Si ya kutisha watoto, ile ya kupasua. Wewe umezaliwa Ujiji, unajua tunavyofanya hapa. Radi ikilia, kila kitu kinachomolewa ukutani, vioo vinafunikwa, na nguo nyekundu inavuliwa. Mama yangu alifanya hivyo, tena kabla hatujawa na umeme wa kuchomoa. Niliangalia kompyuta yako, nikaona ni kioo na umeme pamoja. Nikasema, hii itaniulia mume wangu. Nikaingia chumbani nikachomoa waya. Kile kioo kikazimika, nikavua kanga ya mabegani nikakifunika. Nikaketi kwenye mkeka wangu, nimeridhika. Nimekuokoa.

Ulirudi na turubai na Hamisi yuko nyuma yako, anataka gari lake aende Katonga. Akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya. Hata taa zile za mbele ya usukani zilikuwa zinapepesa macho kama mgonjwa.

"Umeniulia gari," akasema. "Nani alikutuma?"

Wewe uliangalia barazani. Ukainua kanga yangu. Ukakaa umeishika. Kisha ukasema, "Nimekosea, baba mdogo. Hesabu zangu zilikuwa mbaya."

Na mimi, mimi mwenye mdomo mkubwa, nikadakia: "Nilikwambia! Mkono usiotulia huvunja chungu! Yasini bin Ramadhani, umetukatia riziki!"

Sikukuita mume wangu. Nililiona lile jina lilivyokupiga.

Asubuhi hukuwepo. Kanga yangu niliikuta imekunjwa vizuri, iko juu ya mto wangu.

Gari likakokotwa mpaka kwa fundi mmoja kule mtaa wa Mwanga. Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi. Yule fundi akafungua boksi, akaangalia, akasema, "Kijana wenu kazi yake anaijua. Hili limekatiwa umeme likiwa linaandikwa, likafa, halipokei tena hata maneno yake ya zamani. Umeme ulikatika?"

Hamisi akasema, "Siku ile? Haukukatika."

"Basi kuna mkono uliochomoa."

Nikaitazama mikono yangu. Nikaificha ndani ya kanga. Tangu wakati huo chakula napika cha mtu mmoja na bado kinabaki, na pikapu imewekwa boksi jingine lenye adabu za kiwandani, inapanda Mwanga inakohoa kama mimi.

Nilidhani nakuficha siri. Ijumaa iliyopita nilikuwa naikunjua ile kanga nijifunge, nikasimama katikati ya chumba. Kompyuta haijifuniki kanga yenyewe. Ulijua. Ulijua tangu ulipoinua ile nguo, ukajitwika wewe, halafu ukanikunjia. Na mimi nikakutukana juu yake.

Nimemwita Hamisi nikamwambia yote, mbele ya mkewe. Akasema, "Mama, basi huyu mtoto nimemfukuza bure." Nikamwambia, "Tumemfukuza. Mimi nilianza." Anasema gari liko uani linakusubiri ulifundishe mlima upya. Safari hii nitakaa juu ya ule waya kama kuku juu ya mayai, na radi ipasue inachotaka.

Sikuombi urudi kwa sababu naumwa, siumwi. Nakuomba kwa sababu hakuna anayenivutia kigoda.

Namba yako haipatikani, lakini yangu ni ile ile, unaijua kwa kichwa. Mvua zimeanza. Radi ikilia bado nachomoa kila kitu, redio, friji aliyoninunulia Hamisi, taa. Naacha simu tu, iko kwenye chaja, karibu na sikio. Mama Zuhura ananigombeza kwamba nitapigwa na radi. Nimemwambia afadhali nipigwe nayo kuliko upige usinipate.

Piga, mume wangu.

Ni mimi mkeo wa uzeeni,
Bibi yako