Shangazi Hakuenea Kwenye Moyo wa Karatasi

Mshauri mpendwa, nisaidie, na unisaidie upesi, maana vidole vyangu vimegandana kwa gundi na shangazi yangu hasemi na mimi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko ubavuni mwa saluni. Mdogo wangu ni muuguzi, amepata kazi nchi ya mbali na anaondoka mwisho wa mwezi, basi sisi wa nyumbani tukakubaliana zawadi yake isiwe sweta wala sanduku, maana hivyo atanunua mwenyewe, iwe kitabu kikubwa cha kumbukumbu, cha kubandika picha na kupamba ukurasa kwa ukurasa, tangu anatambaa mpaka siku alipovaa sare nyeupe, na kazi hiyo nikapewa mimi kwa sababu, walisema, "wewe ndiye mwenye mkono." Mshauri, nilifurahi mpaka nikashona zipu juu chini! Nikaingia kwenye simu kutazama wenzetu wanavyopamba, nikaona maua ya karatasi yanayosimama, vidirisha vinavyofunguka, vipepeo vya lesi, na kila nilichokiona nikakitaka, nikaanza kuona kurasa kila mahali, vigae vya benki nikaviona ukurasa, nondo za dirisha la jirani zilizopindwa kama mawimbi nikaziona fremu, mteja ananiambia "fundi, kiuno punguza kidogo," mimi nimekodolea macho mkoba wake wa njano na kiatu chake cha kijivu, nawaza, hizi rangi mbili zikikaa pamoja kwenye karatasi nyeusi, mtu atalia!

Lakini kile kinachowaka kichwani kikifika mezani kinageuka kitu kingine. Nilikata mioyo, nikakata nyota, nikapiga riboni, nikamwaga unga wa kumeta, na msusi wa saluni akaja na kitana chake mkononi, akatazama, akaniuliza, "Mwenzangu, hiki ni kitabu cha muuguzi au dirisha la duka la keki?" Nilicheka, ila liliniingia.

Sasa sikia balaa. Picha zote za utoto wetu anazo shangazi, dada wa baba, aliyetulea sisi wawili tangu mama alipofariki, na anazitunza kwenye mkebe wa biskuti kama dhahabu. Akaniazima moja ya kuanzia, siku ya kwanza ya mdogo wangu kwenda shule, wamesimama mlangoni, shangazi amemshika mkono. Mimi ukurasa nilikuwa nimeshautengeneza tayari, una dirisha la umbo la moyo la kadi nyekundu, limetulia kweli, na picha haikuenea kwenye moyo. Nikachukua mkasi wangu wa suti. Mdogo wangu akaenea vizuri, na pazia la nyuma yake likaenea, shangazi ndiye hakuenea, akabaki mkono tu, na nisikufiche, nikaona ule mkono peke yake umependeza, kama sanaa, nikampelekea mbio mbio akauone.

Akavaa miwani. Kisha akaniuliza, "Huyu mtoto ameshikwa mkono na nani?"

"Na wewe, shangazi."

"Na mimi niko wapi?"

"Huo hapo mkono, shangazi."

"Mkono! Pazia umeliacha zima, mimi umenibakiza mkono. Chumba kimoja tulienea watu watatu miaka yote ile, leo kwenye moyo wa karatasi nimekosa pa kusimama?"

Akaniamuru nikamletee kilichobaki. Nikakiokota kwenye takataka za chini ya cherehani, kichwa chake na kiwiliwili, akakikunja kwenye leso, akaitia kwenye pochi, akaufungia mkebe kabatini. Tangu hapo nikimwamkia anaitikia ukuta. Mdogo wangu ananipigia, "Dada, mbona shangazi amenuna?" nami siwezi kumwambia kwa kuwa kitabu ni siri. Basi nimebaki na mawazo mia na picha moja, nayo imekatwa. Je, ninunue tu albamu ya dukani iliyochapwa maua tayari? Watu wanaotengeneza kurasa nzuri wanayatoa wapi mawazo yasiyofanana na keki? Na hilo kabati nilifungueje?

Fundi Mwenye Gundi

JIBU

Fundi, pole. Sasa weka mkasi chini.

Nimecheka nilipofika kwenye ule mkono, na nadhani siku moja shangazi yako naye atacheka. Ila siku hiyo haijafika, na wewe ndiye wa kuileta.

Mteja akiingia kibandani kwako unaanza na nini? Unampima mabega, unampima kiuno, unamuuliza nguo ni ya kazini au ya kutokea, ndipo unagusa kitambaa. Kwenye kitabu hiki ulishona gauni kwanza, halafu ukamkata mteja ili aingie. Fundi mzima! Ungelifanya hilo dukani, wangekufuata na virungu.

Hao uliowaona kwenye simu wamepima maisha yao na kupamba yao. Vipepeo vyao havina kosa, ila havijui kitu kuhusu mdogo wako. Weka picha mezani peke yake, bila riboni, bila kadi, uitazame mpaka ikupe kazi. Pazia lile lina rangi gani? Hiyo ndiyo rangi ya ukurasa. Mlango ni wa mbao au wa bati? Hiyo ndiyo mistari yako. Mawazo unayoyatafuta dunia nzima yamo ndani ya picha, na yale uliyoyaona barabarani ni mazuri mno kuachwa! Nondo za jirani zichore kwa kalamu nyeupe kwenye karatasi ya buluu iliyoiva, uzifanye fremu ya ukurasa wa kuagana. Njano na kijivu juu ya nyeusi, nimejaribu mwenyewe hapa mezani kwa vipande vya gazeti, na umesema kweli, inashika jicho. Jicho lako ni zima, mkono ndio una pupa. Ukurasa mmoja upewe wazo moja, mengine yakae kwenye benchi yangoje zamu kama wateja wengine. Na uache nafasi tupu. Ukurasa uliojaa pomoni hauna pa kupumzisha macho.

Jambo moja limenishangaza. Barua nzima ya fundi cherehani, na hujataja mabaki ya vitambaa hata kwa bahati mbaya. Ile sare nyeupe ya mdogo wako nani aliishona? Kama ni wewe, tafuta kipande chake, hata kiwe upana wa kidole, ukiweke kando ya picha yake ya sare. Akiwa huko ugenini atakigusa. Albamu ya dukani haina kitu cha kugusa, kwa hiyo usiinunue. Na tangu leo hakuna picha ya asili inayokutana na mkasi. Peleka studio, toa nakala, ukate nakala hadi uchoke.

Tuje kwa shangazi. Umemkosea, usizunguke. Usimwambie ilikuwa sanaa. Yule mama hakununia karatasi, ameona kazi ya maisha yake imekatwa na kufagiliwa na mtoto aliyemlea, kisha akaletewa aisifu. Lakini hebu fikiri pamoja nami. Kile kipande angeweza kukichana mbele yako. Amekikunja kwenye leso na anatembea nacho. Mtu aliyekwisha kukukatia tamaa hafanyi hivyo. Anangoja kuombwa, na wewe siku zote hizi unamwamkia tu na kupita.

Nenda leo ukifunga kibanda. Nenda mikono mitupu, bila kitabu, bila kadi nyekundu. Mwambie, "Shangazi, nimekukata, naomba unipe nikurudishe." Akikusema, nyamaza umalize kusemwa. Akikupa, bandua na kile cha kwenye moyo, vipange vyote viwili kwenye karatasi ngumu na uvishone pamoja kwa uzi mwekundu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mshono mfupi, matundu yakikaribiana, huchana karatasi kama stempu, basi urefushe, na utumie sindano kuukuu, maana karatasi huila makali. Mshono usiufiche hata kidogo! Uonekane toka mlangoni. Katika simu zote ulizotazama hakuna ukurasa kama huo, na hautakuwepo, kwa sababu hakuna mwingine aliyemkata shangazi huyu.

Kisha muombe akufungulie mkebe na kukusimulia, picha baada ya picha, wewe uandike chini ya kila moja maneno yake yalivyo, bila kuyapiga pasi. Akisema "Siku hii alilia mpaka akatapikia kiatu changu kipya," andika hivyo hivyo. Mdogo wako atasoma mstari huo peke yake katika chumba cha kupanga, na atamsikia shangazi akizungumza. Unga wa kumeta hauwezi kazi hiyo, utaumwaga bure.

Na asikae pembeni kama mgeni anayeoneshwa. Mvutie kiti mezani, mpe gundi apake, umuulize picha ipi itangulie. Ukurasa atakaoubandika kwa mkono wake, hata ukikaa upande, usiunyooshe.