Udongo wa Nyakoth

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siafu wamekula vinyonga wangu. Wote! Nimekuta mifupa na ngozi tu ndani ya tangi la kioo. Nimewamwagia mafuta taa, nimewakanyaga mpaka viatu vikateleza. Walitoka kwa udongo niliouchota Dunga, chini ya migomba, mbichi, vile mimi hutaka — uwe na minyoo na jongoo, wale kinyesi, tangi lisinuke. Wandera ananiambia, Mama Metrine, si nilisema tuukaange? Nikamrushia kiatu. Kikampata mdomoni. Mume gani huyo, kunicheka nikilia!

Jumanne, 4 Machi
Mdomo wake umefura. Hatuongei. Na Nyakoth, chatu wetu, tumbo limejaa mayai, atataga wiki hii. Watoto wa shule huja kumwona yeye, si sisi. Akifa tumefunga hii bustani ya nyoka. Jioni Wandera akaanza tena: udongo kwenye drum la bati, moto chini, kila kitu kilicho ndani ya udongo kife. Nikamwambia udongo uliokufa utaota ukungu, mayai yataoza. Akasema siafu hawangoji ukungu. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 6 Machi
Wandera anakaanga udongo tangu asubuhi. Jongoo wanapasuka — pa! pa! Nimeziba masikio. Gunia moja tu la ule wa Dunga limebaki mbichi, kwa sababu nililikalia.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu.
Adhuhuri Nyakoth alianza kuhangaika, Wandera akaogopa atataga kwa simiti. Akagusa udongo wa juu kwenye drum, umepoa, akaumwaga wote ndani ya tangi la Nyakoth. Ule wa katikati ulikuwa bado moto kama jivu la jiko! Nyakoth akajikunja pale pale, akataga, hakusogea. Nikasikia harufu ya nyama. Tukamvuta — ngozi ya tumbo ikabaki chini. Akaniuma mkono, akauachilia, akarudi juu ya mayai yake.
Nikamgeukia Wandera na beleshi. Mgongoni. Begani. Nikalenga kichwa. Hakujikinga hata! Alikuwa anauchimba ule udongo kwa vidole, analia, vidole vimetoka malengelenge. Beleshi likaniponyoka.
Amenikalisha, amenifunga mkono na leso. Naandika na wa kushoto nisipige nduru. Moto bado uko chini ya mayai, lazima udongo baridi, sasa hivi. Hakuna mwingine ila gunia langu. Wandera — Wandera mwenyewe! — anasema tumwage ule mbichi. Mimi ndio nasema ngoja, tuuchungulie kwanza. Anafoka, tungoje nini, mama, mayai yanaiva!
Siafu mmoja anapita juu ya karatasi hii. Nimemfinya. Huyu hapa mwingine, anatoka upande wa gunia. Namwita Wandera, hasikii, ameshakata kamba ya gunia —