Kiti Chako Kwenye Jarida la Alhamisi

Rukia,

Nakuandikia kutoka chumba cha kompyuta, hapa chuoni Tunguu, nikiwa kwenye kiti cha pembeni. Chako cha dirishani kiko kitupu. Jarida la wiki hii liko tayari: mkutano wa jumuiya yetu, ratiba ya futari, miwani iliyookotwa msikitini. Kilichobaki ni kulituma kwa barua pepe kabla ya magharibi ya Alhamisi, kama ulivyotuwekea sheria wewe. Sitalituma kabla sijakwambia nilichokutendea, ingawa unakijua kuliko mtu yeyote.

Ulipoondoka uliniambia unakwenda Jambiani kumsaidia mama kufunga mwani kwenye kamba zake baharini, siku mbili tatu tu. Zikapita wiki tatu. Jarida la watu wawili nikalifanya peke yangu, umeme ukikatika na mimi nikianza upya, na wanachama wakiniuliza mbona siku hizi halina ladha. Nilikukasirikia, Rukia. Hukusema kuwa unaumwa figo. Ungeniambia, basi. Mpaka leo nina hasira na hilo, na sina haki nayo.

Unaikumbuka safu yetu ya utani, "Anatafutwa," tuliyowasutia wanaokimbia mikutano. Nikakuweka wewe. "Anatafutwa: Rukia, mhariri. Ana macho mawili na visingizio mia. Mara ya mwisho alionekana akikimbia kazi kuelekea Jambiani. Atakayemkuta amwambie akae huko huko, tumeshazoea." Nilicheka peke yangu nilipoiandika. Nikalituma, na jioni nzima majibu yakawa yanaingia, watu hawana mbavu.

Sheria yako ya pili nikaisahau. Wewe ndiye uliyesema mwanachama aliye mbali na mtandao achapiwe nakala, apelekewe nyumbani, asikose habari za wenzake. Haji, mtu wa kwenu, akaichapa yako kama kawaida na kuondoka nayo. Ijumaa ukaisoma. Jumapili ukazikwa. Kuna mwenzetu mmoja hafungui barua pepe mpaka mwisho wa mwezi, na jibu lake lilinifikia hitma yako imeshasomwa: "Hahaha, mwambieni atuletee na pweza." Nililifuta, kisha nikalitafuta tena nilisome.

Msibani nilikuja. Mama yako, Bi Mize, alinikalisha kando yake mkekani, akafungua pindo la kanga na kutoa karatasi iliyokunjwa.

"Mwanangu Zuhura, mimi kusoma sijui. Nnataka unisomee haya mliyomuandikia mwenzenu."

Wanawake waliokuwa karibu wakasogea wasikie. Mimi niliyekuwa na ulimi mrefu ulipokuwa hai, nikatunga: kwamba ulikuwa binti hodari, mcha Mungu, mfano kwa wenzako. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Siyo hayo. Mwenyewe alinisomea. Kiti kiko wapi?"

Nikamuuliza kiti gani. Akayasema kwa ghaibu: "Rukia, kiti chako hatumpi mtu. Pumzika mpaka upone, tunakusubiri." Alisema hivyo huku kidole chake kikitembea juu ya mstari ule ule uliokwambia ukae huko huko.

Hapo ndipo nilipojua. Ulilala na maumivu yako, macho yakasoma ukatili wangu, mdomo ukamsomea mama kitu kingine ili asije akanichukia. Ungenitukana, ningepona. Na pembeni mwa karatasi, kwa kalamu yako: "Inachekesha. Lakini ndefu mno, punguza." Mhariri mpaka mlango wa kaburi, mwanamke mgumu wewe.

Bi Mize akaikunja karatasi yake. "Basi mwanangu, machozi yamekuziba. Utanisomea siku nyengine."

Sasa Haji ananiambia mdogo wako Asha ameanza kuunganisha herufi, na mama kamwambia akishajua vizuri atamsomea karatasi ya dada yake. Nikaingiwa na hofu. Wiki iliyopita nilichapa nakala mpya ya jarida lile, tarehe ile ile, ila maneno ya kiti nikayaweka pahala pa yangu. Ilitoka safi. Ningeibadilisha na ile ya kwenye kanga, na nani angejua? Lakini hii mpya haina mwandiko wako, na ule ndio wa mwisho. Nisingeweza kumuibia mama mwandiko wa mwanawe ili mimi nibaki mtu mwema. Nimeichana.

Kesho nakwenda Jambiani. Nitamsomea Bi Mize kama ilivyoandikwa, pamoja na hayo ya pembeni, kabla Asha hajayafikia. Kisha nitamwambia kuwa maneno ya kiti ni yako, uliyatunga umelala mgonjwa. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki. Naogopa zaidi asiponifukuza.

Basi nakuacha, Rukia. Mungu akupunguzie huko maumivu aliyokuzidishia huku. Jarida nalituma sasa, bila ya ile safu, na Alhamisi nyingine nitakaa tena hapa hapa pembeni. Kiti chako sijampa mtu, wala sitampa. Hilo moja ulimsomea kweli.

Zuhura