Ukurasa wa Bibi Tufaha

Matrah, Maskati
12 Oktoba 1969

Da Mahbuba mpenzi,

Sisi wazima, na mwanangu Zuwena kaposwa. Nna habari nyengine, kubwa.

Hospitalini hapa pana nesi Mwingereza anayetafuta habari za babu yake, Mkwekeri, wale Wazungu wanaosali kimya. Babu huyo alihamia Pemba akilima karafuu na kuwaandikia watumwa uhuru. Aliposikia mie Mpemba, alinisomea daftari la huyo babu, mwaka 1898: "Tufaha, miaka kama tisa, kovu la moto shingoni. Kaja kwa miguu kutoka Wete, mwendo wa siku nzima. Nilimuuliza nani kamleta. Akasema, 'Nimejileta. Niandike.'"

Da Mahbuba, huyo ni bibi yetu, tuliyeambiwa ni Mwarabu, katoka Nizwa, huku Omani. Kovu lile tukilishika utotoni. Mtoto wa miaka tisa, njia yote ile, peke yake! Nililia mbele ya mgeni.

Kaka Suud akanambia nifiche, posa isije ikavunjika. Lakini Ijumaa Bi Kheiria, mama yake bwana harusi, aliuliza asili yetu, na mie sikuweza kusema Nizwa. Nikamweleza yote. Suud akainamisha kichwa.

Bi Kheiria alisogea karibu yangu. Kisha akasema polepole, "Bibi yangu mie pia alikuwa mtumwa. Nyumbani hatulisemi."

Akaniomba nimpeleke kwa yule nesi, asikie mwenyewe maneno ya mtoto yule. Tunakwenda kesho. Harusi ni baada ya Idi.

Nduguyo akupendaye,
Masouda