Amri Niliyoiongeza Mwenyewe

Jumatatu, 12 Januari

Nimechemsha maji ndoo tatu kabla ya saa moja. Kuni mbichi, moshi tupu, macho yanawasha mpaka sasa. Mume wangu, Baba Yona, analalamika kwamba maji yana ladha ya sufuria. Ayanywe hivyo hivyo. Gari la matangazo limepita tena: kipindupindu kimeshafika Vwawa, ni marufuku kupika na kula pamoja misibani na kwenye sherehe. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na masufuria makubwa ya kanisa yanakaa kwangu. Nimefunga stoo. Ufunguo nimeutia kwenye pochi.

Jumatano, 14 Januari

Baba Sekela amefariki alfajiri. Presha. Mkewe, Mama Sekela, ni rafiki yangu tangu tulipoolewa kijiji hiki, sote mwaka ule ule. Nimelia naye.

Mchana akina mama wamekuja kuchukua masufuria. Nimekataa. Wakasema marehemu hakufa kwa kipindupindu. Nikasema tangazo halikuuliza mtu kafa kwa nini. Waliondoka wakinong'ona. Waache wanong'one.

Ijumaa, 16 Januari

Tumezika. Mchungaji amehubiri kwa kifupi, juu ya kutii wenye mamlaka, kwamba wamewekwa na Mungu. Maneno yaliniingia. Udongo uliposawazishwa tu, nikasimama nikatangaza: hakuna kupika, hakuna kukaa, hakuna kwenda kwa mfiwa mpaka serikali itakapotangaza vinginevyo. Kila mtu kwake.

Ndugu wa marehemu waliotoka Ndalambo wamerudi na njaa. Hata chai hawakunywa. Mtoto wao Sekela naye amepanda basi jioni, kazini Dar wamempa siku mbili tu. Mama Sekela aliniangalia. Nikajifanya natafuta viatu.

Jumapili, 18 Januari

Mama Sekela hakuja ibadani. Mzee wa kanisa amenisifu mbele ya watu, kwamba nimekuwa mfano wa utii. Naandika ukweli kwa sababu hapa hasomi mtu: nilifurahi sana.

Jumatano, 21 Januari

Nimekutana na Mama Sekela kisimani. Nikamsalimu kwa mbali, kama tulivyoagizwa. Hakuitikia. Alijitwisha ndoo akaondoka. Nimebaki na hasira. Kwani mimi ndiye niliyeleta ugonjwa?

Alhamisi, 22 Januari

Jirani yangu Mama Ayubu ameropoka. Akina mama watapika Jumapili kwa Mama Sekela, nyuma kwenye banda la kahawa, wamfanyie matanga aliyonyimwa. Masufuria wameazima kitongoji cha jirani. Wageni wataitwa mpaka Tunduma. Mimi sikuambiwa. Mwenyekiti mzima!

Kwanza nilikasirika. Baadaye nikaogopa. Choo pale ni kimoja na kisima wote tunachota kile kile. Akija mgonjwa mmoja, tutazikana. Nikinyamaza nimeshiriki. Nikisema nimemchongea mjane.

Baba Yona si mtu wa maneno mengi. Ameniambia niende kwa mtendaji wa kijiji, ila niende kuuliza, si kushtaki.

Ijumaa, 23 Januari

Ofisini kwa mtendaji. Huyu nilimfundisha shule ya Jumapili, kamasi zikimtiririka. Leo nimekaa kwenye benchi kusubiri aniite. Nikasubiri. Cheo ni chake, na kusubiri hakuniui.

Amenipa shikamoo, akanipa kiti. Nikamuuliza ni lini serikali itaturuhusu kwenda kumpa pole mfiwa. Akashangaa.

"Mwalimu, nani kawakataza?"

Akanipa karatasi yenyewe. Sikuwahi kuiona, nilisikia kipaza sauti tu. Nimeisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kupika na kula pamoja, marufuku. Kumtembelea mfiwa, ruksa, watu wachache, wakae nje, wanawe kwa sabuni. Kumsaidia kazi hakukutajwa kabisa.

Wiki nzima hakuna aliyekanyaga kwa Mama Sekela. Kwa ajili ya maneno yangu. Nami nilisema ni ya serikali. Nimeisingizia serikali, na Mungu nimemsingizia pia.

Nikamwambia kuna watu wanataka kupika Jumapili, aniachie mimi. Akafikiri. Akasema ananiachia mpaka Jumapili asubuhi, akiona moshi atakuja na bwana afya. Nikasema sawa. Ni haki yake.

Jumamosi, 24 Januari

Nimewaita akina mama nje ya kanisa, tumekaa mbali mbali. Kusema kulikuwa kama kumeza mfupa. Nikawasomea karatasi. Nikawaambia kupika bado ni marufuku na nitasimama hapo hapo, lakini kumwacha Mama Sekela peke yake hakuna aliyeamuru ila mimi.

Mama Ayubu akaniambia mbele ya wote, "Wewe ulipenda kusifiwa utii kuliko ulivyompenda mwenzio." Wamekubali kuacha kupika. Wawili wamenuna, lakini wamekubali.

Kisha nikaenda kwa Mama Sekela. Nikanawa pale nje. Kiti hakunipa. Nimemwomba msamaha nikiwa nimesimama. Akasema wiki nzima mbwa akibweka anageuka, akidhani ni mimi nakuja. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimelia njia nzima. Sikujali nani ananiona.

Jumapili, 25 Januari

Hakuna moshi kwenye banda la kahawa. Nimechungulia mara tano. Mama Sekela hakuja ibadani.

Jumatatu, 26 Januari

Palizi kwa Mama Sekela. Mahindi yake yalikuwa yamezidiwa na majani, tangu mumewe augue hakuna aliyegusa. Tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na mstari wake, jembe lake, chupa yake ya maji. Mtendaji alipita, akasimama barabarani, akatuangalia, akaendelea na safari yake.

Mama Sekela alikaa kizingitini mpaka saa nne. Halafu akachukua jembe. Alichagua mstari ulio mbali kabisa na wangu.

Saa saba kila mtu akaenda kula kwake. Nilikuwa wa mwisho, nasafisha jembe kwa majani. Akaja mpaka pale nilipo, akasimama hatua kadhaa. Mkono hakunipa, bado hairuhusiwi. Akasema nimepalilia vibaya, nimekata mahindi mawili, na kesho niwahi kabla jua halijawa kali.