Majina Pembeni mwa Kurasa

Jumatatu, 8 Juni 1964
Shule bado imefungwa. Nimefagia darasa hata hivyo. Mchana nikataka kusoma kile kitabu changu cha Kifaransa kinachoeleza jinsi watu wa kawaida wa Ulaya walivyoishi zama za kati: walikula nini, walioga mara ngapi, walimlipa nini bwana wao ili waoke mkate katika tanuri lake. Hakipo. Nimepangua rafu nzima. Hakipo.

Jumanne, 9 Juni
Kitabu chenyewe hakiniumizi kichwa. Ni pembeni mwa kurasa. Wanafunzi wa mwaka wa sita walishindwa kuelewa bwana wa ngome ni nani, basi niliandika hapo, kwa kalamu ya risasi, majina ya watu wa hapa Uvira. Kwa bwana, karani mkubwa wa enzi za Wabelgiji. Kwa msagaji anayepunja unga, mzee Sadiki wa kinu. Niliwasomea, wakacheka, wakaelewa. Nikajiona mwalimu hodari. Mjinga mimi. Sasa wapiganaji waasi wameshika mji na wanawasaka waliokula na Wabelgiji. Atakayekipata ataona orodha. Watu ishirini na watatu, mwandiko wangu.

Alhamisi, 11 Juni
Ni Leonardi. Nimefikiri sana. Mwalimu wa mwaka wa tano, yeye peke yake huingia kwangu bila kubisha hodi. Alikiazima wakati wa Pasaka na kukirudisha kwa shingo upande. Jana, pale mtaani Mulongwe, alinisalimu haraka mno. Mtu asiye na neno hasalimu hivyo. Mke wangu, Mama Riziki, ananiambia niache kumsingizia mwenzangu. Kwa nini anamtetea? Nitamwangalia na yeye.

Ijumaa, 12 Juni
Leonardi ameonekana bandarini Kalundu akiongea na mpiganaji. Alikuwa anacheka. Nani anacheka siku hizi?

Jumamosi, 13 Juni
Nimeitwa kwa kamanda wa mtaa. Mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Mzazi mmoja amemwambia kwamba kuna mwalimu mwenye kitabu cha majina ya watu. Hakujua ni mwalimu gani.

“Weye mwalimu, kile kitabu iko kwa nani?”

“Miye sina,” nikasema. “Labda kwa Leonardi.”

Labda. Nimeliweka hilo neno mbele ili nipate pa kujifichia.

Jumapili, 14 Juni
Wamemchukua Leonardi kabla ya misa. Mkewe, Mama Espe, alikuja akilia, akaniomba niende kumwombea kwa kamanda, maana mimi nasikilizwa. Nikaahidi. Alipoondoka tu, Mama Riziki akainamia kapu la mihogo mikavu, akatoa kitabu changu kutoka chini kabisa. Alikificha yeye, wiki iliyopita, aliposikia nyumba zinapekuliwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Weye kila kitu unaandikaka mu daftari,” akasema. “Ningekuambia, ingeingia mule.”

Kweli tupu. Naona haya. Sikumwambia nilichosema jana.

Jumatatu, 15 Juni
Nimefuta majina yote kwa gomu. Ukurasa wa msagaji umetoboka. Kisha nikakaa na kitabu mapajani siku nzima, viatu nimevaa. Sikutoka. Naogopa kuliko ninavyompenda Leonardi. Niandike hivyo hivyo, ndivyo ilivyo.

Jumanne, 16 Juni
Nimekwenda. Nilisema nimekikuta shuleni. Kamanda alifungua ukurasa mmoja mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaona palipofutwa. Nikamwambia ni michoro ya wanafunzi. Akaniamuru nisome kwa Kiswahili. Nikamsomea juu ya mkulima anayelima shamba la bwana siku tatu kila wiki, na mavuno yake mwenyewe yanaoza. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari za kwao. Baba yake, alisema, alichapwa fimbo huko Lubarika kwa sababu ya pamba waliyolazimishwa kulima.

“Kumbe hata Bazungu balifanyiwa vile?”

Akanirudisha mwanzo wa ukurasa. Nikasoma mara tatu. Kitabu amebaki nacho. Leonardi ameachiliwa. Mgongo wake sikuweza kuutazama.

Alhamisi, 18 Juni
Mama Espe amekuja na kuku na kapu la mchele wa Sange. Ametoa kwa mikono miwili, amepiga goti, ameniita mwokozi wa mumewe. Zawadi ya namna hiyo hairudishwi. Ukiirudisha, umetangaza uadui na nyumba nzima. Leonardi bado amelala kifudifudi. Ametuma salamu, kwamba hana rafiki mwingine kama mimi.

Nikapokea. Mama Riziki alinitazama, akaenda kuchinja.

Mezani nimepewa firigisi, heshima ya mwenye nyumba. Nimeila yote.