Taji Lililofunika Alama ya Amana

Shamba la Sermuļi,
Latgale.
18 Juni, 2024.

Mpendwa Mama Mdogo Gundega,

Ni matarajio yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Ireland, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umeanza kukuhurumia. Sisi huku miili yetu ni mizima. Bibi Austra bado huamka kabla ya jogoo na kututangazia hali ya hewa kana kwamba ameipanga yeye. Mama hajambo. Mjomba Voldis naye ana afya njema, ila ni kwa ajili yake ninakuandikia nikiwa na hofu ambayo sikuijua hata siku ya kuitetea tasnifu yangu.

Kama ulivyosikia, nilipohitimu mwezi Februari, Mjomba alinikabidhi makaratasi yote ya kiwanda chake cha bia. Alitamka mbele ya wafanyakazi, "Sasa tuna msomi wetu. Serikali itatafuta mwingine wa kumsumbua." Nilivimba kichwa, sikufichi. Miaka yote bia ya sikukuu ya Jāņi tuliigawana na majirani tu. Mimi ndiye niliyemshauri mwaka huu aipeleke madukani.

Nilizisoma kanuni za amana neno kwa neno. Kila chupa ya bia sharti ionyeshe alama ya amana, na msimbo wake usomeke kwenye mashine inayopokea chupa tupu na kumrudishia mnywaji senti zake kumi. Nilitengeneza lebo mpya, nikapeleka sampuli, ikakubaliwa. Nikatia sahihi tamko kwamba kila chupa itakayouzwa italingana na sampuli hiyo.

Sampuli hiyo, Mama Mdogo, haikuwa na taji.

Unaikumbuka siku yetu ya kila mwaka ya kubandika mataji kwenye chupa. Taji lile la majani ya mwaloni ulilichora wewe kabla hujaondoka. Majirani walikuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, wakaizunguka meza ndefu yenye mabakuli ya gundi ya unga, na kila mmoja akabandika taji la karatasi pale mkono wake ulipoangukia. Mimi nilikuwa ofisini nikiandaa jedwali ambalo hakuna aliyeniomba. Nilipotoka, nilimwambia Bibi Austra kwa adabu kwamba pengine mataji yangekaa vyema zaidi juu, shingoni.

"Shingoni? Kwani hilo taji au mkufu?" akanijibu. "Nilianza kubandika mama yako akiwa bado ananyonya, wewe binti."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaona haya kusisitiza. Chupa zikaondoka.

Jana akapiga simu Mzee Donāts, mwenye duka la mjini. "Binti, mashine yangu inazitema chupa zenu kama mtoto anayelishwa dawa. Wateja wananitukana mimi, si nyinyi!" Nilikimbia stoo, nikafungua kreti moja. Chupa nyingi zilikuwa na taji juu ya alama ya amana, na nyingine juu ya msimbo. Nilikaa chini sakafuni.

Ninaogopa Mjomba asije akanyang'anywa kibali cha kuuza bia zikiwa zimebaki siku tano tu kufika Jāņi. Jina la kiwanda ni lake. Sahihi chini ya tamko lililogeuka uongo ni yangu. Nilimwendea nimweleze, nikamkuta anaosha mapipa huku akiimba. "Mbona umepauka hivyo, msomi? Umekutana na mkaguzi?" Nikamjibu kwamba sikulala vizuri.

Jambo hili nakueleza wewe peke yako: niliandika maelezo mazuri sana, yenye vifungu na tarehe, yanayosema kwamba mataji yalibandikwa madukani. Niliyasoma mara mbili, nikaona yangeaminika. Kisha nikamkumbuka Mzee Donāts na wale wateja wake. Nikayachana.

Leo asubuhi nimeipigia simu ofisi ya ukaguzi mwenyewe. Mkaguzi atafika keshokutwa saa tatu. Hakuniambia atafanya nini. Alisema tu tusiuze chupa nyingine hata moja. Ndipo nikamweleza Mjomba. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza, "Umewaita wewe?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akaivaa tena, akatoka nje.

Barua hii nitakutumia picha yake kwa simu leo hii; nakuomba umpigie Mjomba kabla ya keshokutwa. Usimwambie ninaogopa; hilo ameliona. Mwambie lolote ambalo dada humwambia kaka yake.

Nisalimie Baba Mdogo Aldis na binamu yangu Madara, nao wasiache kukukanda huo mgongo. Bibi Austra anakutumia baraka zake, ingawa tangu asubuhi hali ya hewa hajaitangaza. Mungu awalinde huko, na huku asitusahau.

Ninapoandika haya namwona Mjomba kupitia dirisha. Ameketi kizingitini na chupa moja na bakuli la maji ya uvuguvugu. Analibandua taji lako kwa ukucha, polepole, lisichanike.

Mimi mwana wako nikupendaye, nisiyejua keshokutwa italeta nini,
Sintija